Dirisha la Novemba

Mwishoni mwa Oktoba, hapa Marekani, kwenye maghala ya mizigo ya Columbus, nyumba za wazee za Minneapolis na hospitali za Houston, wafanyakazi hupokea barua pepe zinazofanana kama mapacha: dirisha la kuchagua bima ya afya ya mwaka ujao limefunguliwa, litafungwa baada ya wiki mbili au tatu, ingia kwenye mfumo uchague. Mbeba boksi aliyetoka zamu ya usiku huisoma akiwa bado maegeshoni. Hukuta mipango mitatu minne yenye majina ya herufi tupu, HMO, PPO, HDHP, na chini yake maelezo kwamba asipogusa kitu atabaki na bima ya mwaka huu. Anazima simu, anakwenda kulala. Ukiacha kodi ya nyumba, huenda hakuna fedha kubwa kuliko hiyo atakayoitolea uamuzi mwaka mzima, na ameitolea uamuzi kwa kutofanya kitu.

Ukubwa wake unapimika. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kila mwaka wa KFF, shirika la utafiti wa sera za afya, mwaka 2025 bima ya familia kupitia mwajiri iligharimu wastani wa dola 26,993. Mfanyakazi alikatwa wastani wa dola 6,850 kwenye mshahara, zilizobaki akalipa mwajiri. Watu husema kampuni “inatoa” bima. Wachumi wengi wanaona kwamba hizo dola elfu ishirini za mwajiri ni ujira wako uliopitishwa mlango wa nyuma, na mimi nakubaliana nao. Mwenye kulala na hesabu hii amelalia mshahara wake.

Kwa nini bima ya mtoto ishikiliwe na bosi wa mzazi? Chanzo ni Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti bei na mishahara, kwa sababu viwanda vilikuwa vikigombania wafanyakazi wachache waliobaki nyumbani. Mishahara ikabanwa, lakini bima na pensheni za kiasi hazikuhesabiwa kuwa mshahara. Waajiri wakaupenda mwanya huo: asiyeruhusiwa kuongeza senti kwenye saa aliongeza bima. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikatamka wazi kwamba mchango wa mwajiri kwenye bima hautozwi kodi ya mapato ya mfanyakazi, na dharura ya vita ikageuka kuwa desturi ya nchi. Ndiyo maana huku mtu akipoteza kazi hupoteza na daktari wa mwanawe.

Kodi hiyohiyo ndiyo inayofunga dirisha. Kwa kawaida makato yako ya bima hutolewa kabla ya kodi, chini ya kifungu cha 125 cha sheria ya kodi, na sharti lake ni kwamba ukishachagua, umechagua kwa mwaka mzima. Huwezi kujitoa Machi kwa sababu makato yanauma, wala kuhamia mpango mnono Juni kwa sababu goti limeanza kusumbua. Katikati ya mwaka dirisha hufunguliwa na tukio la maisha tu: ndoa, talaka, kuzaliwa au kuasili mtoto, mwenza kupoteza bima ya kazini kwake. Hata hapo, mara nyingi unapewa siku 30.

Hizo siku 30 zimewaumiza wengi kwa upande wa watoto wachanga. Mtoto amezaliwa, nyumba imejaa wageni, mama anakandwa na kupikiwa uji, na kila mtu anaamini kwamba kwa kuwa hospitali ilipokea kadi ya mama, basi na mtoto yumo. Mara nyingi hayumo mpaka mzazi amwandikishe. Akiandikishwa ndani ya siku 30, bima humhesabu tangu siku aliyozaliwa. Zikipita, huenda akalazimika kusubiri mpaka dirisha lijalo, na bili za kliniki zitakuja nyumbani kwa jina la wazazi. Cheti cha kuzaliwa kikichelewa, usikingoje. Mwandikishe kwanza, uwaambie wahusika kwamba karatasi zinafuata.

Sasa tuje kwenye swali ambalo huleta ugomvi zaidi ya fedha: nani ni familia?

Aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali Tanzania anaikumbuka fomu ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Kuna mwanachama, mwenza, na wategemezi wanne, na kati ya hao wanne unaweza kumweka mama mzazi au baba mkwe. Fomu ya Marekani haina kisanduku hicho. Kwa mwajiri wa kawaida, familia ni mume au mke wa ndoa halali, na watoto mpaka watimize miaka 26. Umri huo uliletwa na sheria ya mageuzi ya afya ya mwaka 2010, na kwa kweli ni wa ukarimu: kijana hubaki kwenye bima yako hata kama ameoa, haishi kwako wala hasomi. Lakini mama aliyekuja kwa viza ya matembezi kukusaidia kulea hawezi kuingia, hata akikaa miezi sita. Yeye anahitaji bima ya wasafiri inayonunuliwa kando, na masharti yake yasomwe kwa makini, kwa sababu nyingi hazigusi kisukari na presha alivyokuja navyo kutoka nyumbani.

Mtoto wa marehemu dada unayemlea tangu akiwa na miaka mitatu, kwetu ni mwanao na hakuna anayeuliza. Mfumo wa bima utauliza hati ya mahakama, ya kuasili au ya ulezi, na baadhi ya mipango hukubali ya kuasili peke yake. Ndoa iliyofungwa na shehe Buguruni ikaandikishwa na kutolewa cheti haina matata. Iliyofungwa sebuleni Columbus bila leseni ya kaunti itakukwamisha, hata kama ukoo mzima ulikula pilau. Mwenye wake wawili ajue kwamba sheria ya huku inamtambua mmoja, na kuhusu mazungumzo ya nyumbani yatakayofuata sina ushauri wowote.

Hata mwenza wa ndoa halali hana uhakika. Sheria inamtoza faini mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote asipowapa nafasi ya bima wao na watoto wao. Wenza hawakutajwa. Ndiyo sababu kampuni nyingine hutoza nyongeza ya kila mwezi kwa mwenza anayeweza kupata bima kazini kwake, na chache humkataa kabisa. Mstari huo huandikwa kwa maandishi madogo, karibu na mwisho wa kijitabu.

Baada ya kuandikisha, waajiri wengi hutuma barua ya ukaguzi wa wategemezi: lete cheti cha ndoa, lete vyeti vya watoto. Usipojibu kwa tarehe iliyowekwa, wanaondolewa. Cheti cha Kiswahili au Kifaransa huenda kikahitaji tafsiri, na kutafuta nakala Bukavu ukiwa Iowa, kwa muda wa wiki chache, kunakosesha usingizi. Anza kukitafuta Septemba.

Kwenye bei, wenye watoto wengi wana bahati ambayo haitangazwi. Waajiri wengi wana ngazi nne: mfanyakazi peke yake, mfanyakazi na mwenza, mfanyakazi na watoto, na familia nzima. Idadi ya watoto mara nyingi haihesabiwi. Mwenye wawili na mwenye saba wanakatwa sawasawa. Na kabla ya kuwalipia wote, uliza kama wanastahili bima ya jimbo, Medicaid au CHIP. Hii ya pili ilianzishwa mwaka 1997 mahsusi kwa watoto wa wazazi wanaofanya kazi, lakini mishahara yao haitoshi kununua bima. Katika majimbo mengi kikomo cha kipato kwa watoto kinazidi mara mbili ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, na kadiri familia inavyokuwa kubwa ndivyo kinavyopanda. Baba mwenye watoto watano anayedhani kwamba kuajiriwa kumemtoa kwenye foleni hiyo aulize tena. Hali ya karatasi za uhamiaji nayo huhesabiwa, kwa hiyo aulize kwa mtu anayejua sheria za jimbo lake, asitegemee jirani.

Sasa hesabu. Hapa nitakaa.

Watu wengi huchagua bima kwa kuangalia namba moja, makato ya kila mshahara, kwa sababu ndiyo pekee wanayokutana nayo uso kwa uso. Kuna nyingine tatu. Ya kwanza ni ile ambayo wenyeji wanaiita didaktibo: fedha unayojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia. Ya pili ni asilimia yako ya kila bili baada ya kuivuka didaktibo, mara nyingi 20. Ya tatu ni kikomo cha mwaka, na ukikifikia, bima hulipa yote yaliyobaki mpaka Desemba, ilimradi uko kwa watoa huduma wa mtandao wake. Sheria inaweka dari juu ya kikomo hicho. Kwa mwaka 2026 ni dola 10,600 kwa mtu mmoja na 21,200 kwa familia, na mpango wako unaweza kuwa chini ya hapo. Chanjo za watoto na vipimo vya kinga haviingii katika mahesabu haya, maana mipango mingi inalazimika kuvilipia bila kukutoza chochote.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa namba zinazokutwa kwenye vijitabu vya kawaida. Mama ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, ana mume na watoto watatu. Mpango wa kwanza unakata dola 310 kila wiki mbili. Didaktibo ya familia ni 1,500, asilimia yao 20, kikomo 8,000. Wa pili unakata dola 190; didaktibo 4,000, asilimia 20, kikomo 10,000, na mwajiri anaweka dola 1,000 kwenye akaunti ya matibabu ya mfanyakazi. Ukimuuliza mtu yeyote kwenye chumba cha mapumziko, atakwambia wa kwanza ndio bima nzuri na wa pili ni wa vijana wasiougua.

Sasa zidisha. Mishahara ya mwaka ni 26. Mpango wa kwanza ni dola 8,060 hata kama hakuna aliyepiga chafya. Wa pili ni 4,940. Tofauti ni 3,120, fedha ambayo imeondoka bila daktari kuonekana.

Uje mwaka mwema, bili za 1,200 tu: mafua, sikio la mtoto, kipimo kimoja cha damu. Mipango yote miwili inawaachia bili hizo, kwa sababu hawajavuka didaktibo. Wa kwanza unafika 9,260. Wa pili, ukitoa ile elfu ya mwajiri, 5,140. Uje mwaka wa kati, bili za 10,000. Wa kwanza: 1,500, halafu asilimia 20 ya 8,500, jumla 3,200, pamoja na makato 11,260. Wa pili: 4,000, halafu asilimia 20 ya 6,000, jumla 5,200, ongeza makato na utoe elfu, 9,140. Uje mwaka mbaya kabisa, baba amelazwa na mtoto kapasuliwa, mpaka kikomo kinafikiwa. Wa kwanza ni 16,060. Wa pili ni 13,940.

Ule unaoitwa mzuri umeshindwa mwaka mwema, mwaka wa kati na mwaka mbaya. Sitaki mtu aondoke na imani kwamba didaktibo kubwa hushinda kila mahali, maana kwa mwajiri mwingine hesabu itageuka. Ninachotaka ni aifanye: makato ya mwaka mzima, ongeza bili zako za mwaka mwema, kisha makato ya mwaka mzima, ongeza kikomo. Robo saa inatosha, na simu ina kikokotoo.

Si sisi wageni peke yetu tunaopotea hapa. Mwaka 2017 watafiti Saurabh Bhargava, George Loewenstein na Justin Sydnor walichapisha uchunguzi wa kampuni kubwa ya Marekani iliyowapa wafanyakazi wake mipango 48. Walio wengi walichagua mpango ambao ungewagharimu zaidi vyovyote mwaka utakavyokwenda. Kulikuwa na watu waliolipa makato ya ziada ya zaidi ya dola 500 kwa mwaka ili didaktibo ishuke kutoka 1,000 hadi 750, yaani wakanunua dola 250 kwa dola 500. Hasara ya jumla ilikuwa sawa na asilimia 24 ya makato yao, na wenye mishahara midogo walikuwa miongoni mwa walioangukia humo zaidi. Hao walikuwa watu wa kampuni kubwa, na kijitabu walikisoma kwa lugha waliyoizoea kazini.

Kuna sababu moja ya haki ya kuchagua makato makubwa, nayo ni fedha taslimu. Bili ya 4,000 inaweza kuja Februari, kabla akiba haijajengwa, na familia inayotuma hela nyumbani kila mwezi huenda haina 4,000 popote. Dawa yake ni kuikata mapema ile tofauti ya dola 120 kila mshahara na kuipeleka kwenye akaunti ya matibabu kabla mkono haujaigusa. Na bili ikikuwahi, ujue kwamba hospitali zisizo za faida zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu wa kusaidia wenye kipato kidogo. Omba fomu ya msaada kabla hujatoa kadi ya benki. Wapo waliolipishwa kwa mkopo bili ambayo wangesamehewa nusu, kwa sababu tu waliona aibu kuuliza.

Mambo mawili hujificha ndani ya neno “familia” kwenye jedwali la didaktibo. Katika mipango mingine kila mtu ana didaktibo yake ndogo ndani ya ile kubwa, hivyo mtoto mmoja mgonjwa huanza kulipiwa mapema. Katika mingine, familia nzima lazima ifikishe ile kubwa ndipo yeyote alipiwe. Tofauti hiyo haionekani kwenye ukurasa wa bei. Imo kwenye muhtasari wa mafao, karatasi ambayo tangu 2012 kila mpango unalazimika kuitoa kwa muundo mmoja, na yenye mifano ya gharama za kujifungua, za kisukari na za mfupa uliovunjika. Kama utasoma kitu kimoja, soma huo.

Hesabu hii haikamiliki na kijitabu kimoja. Nyumba nyingi zetu zina waajiri wawili, na mazungumzo huwa hivi:

“Baba watoto, kijitabu chako cha bima kiko wapi?”

“Cha nini? Si tuko kwenye bima yako?”

“Tuko kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyeanza kupata kazi. Hebu kilete.”

Mama huyu ana hoja. Familia nyingi zimekaa miaka kwenye bima ya kazi ya kwanza iliyopatikana baada ya kufika, na hakuna aliyewahi kupima tena. Turudi kwenye mpango wake wa pili. Ngazi ya mfanyakazi na watoto ni dola 130 kila wiki mbili badala ya 190. Ghala la mumewe linamkata yeye peke yake dola 35. Jumla 165: wameokoa 25 kila mshahara, 650 kwa mwaka. Na kama nyumba ya wazee inatoza nyongeza ya mwenza ya dola 100 kwa mwezi, nayo imekufa, kwa hiyo wameokoa 1,850. Hasara yake ni kwamba sasa nyumba ina didaktibo mbili na vikomo viwili. Kama baba ana ugonjwa wa kudumu, pengine ni afadhali wote wakae chini ya kikomo kimoja. Kama ni mzima wa afya, mgawanyo unalipa.

Kuwaweka watoto kwenye bima zote mbili ni wazo linalovutia na mara nyingi halistahili gharama yake. Zaidi ya hapo, kampuni za bima lazima zijue nani analipa kwanza, na kanuni yao ni siku ya kuzaliwa: hutangulia bima ya mzazi ambaye mwezi na tarehe yake huja mapema katika kalenda, mwaka wa kuzaliwa hauhesabiwi. Hapa wenzetu waliopitia makambi ya wakimbizi, Nyarugusu, Kakuma, Dadaab, wana kisa chao. Wengi walipoandikishwa hawakuwa na vyeti, wakaandikiwa Januari 1. Baba Januari 1, mama Januari 1. Kanuni imelitarajia hata hilo: wakifungana, hutangulia bima iliyomhudumia mzazi wake kwa muda mrefu zaidi. Lakini kompyuta husita, kampuni hutuma barua kuuliza kama mtoto ana bima nyingine, barua hiyo hufanana na matangazo, hutupwa, na malipo yote ya mtoto husimama mpaka mtu apige simu. Bahasha ya kampuni ya bima ifunguliwe, hata kama inaonekana ya kijinga.

Kuhusu mtandao wa hospitali nitakuwa mfupi. HMO kwa kawaida hukutaka ubaki ndani na upate rufaa kutoka kwa daktari wako wa kwanza. PPO hukuruhusu kutoka nje kwa bei ya juu. Orodha za madaktari kwenye tovuti huchakaa, hivyo piga simu kliniki ya watoto na uulize kwa jina kamili la mpango, maana kampuni moja ya bima huwa na mitandao kadhaa na daktari wako anaweza kuwa kwenye mmoja tu. Dawa za kila siku nazo zitafute kwenye orodha ya dawa ya mpango mpya kabla ya kuhama. Kwa dharura, tangu Januari 2022 sheria inakukinga dhidi ya bili za kushtukiza za hospitali iliyo nje ya mtandao, ila gari la wagonjwa la barabarani halimo. Na anayepanga kwenda nyumbani Desemba aulize mapema kama chanjo ya homa ya manjano na vidonge vya malaria vinalipiwa, maana mipango mingi huvihesabu kuwa mambo ya safari.

Akaunti za matibabu zina mitego yake. Ile inayoambatana na mpango wa didaktibo kubwa (HDHP), yaani HSA, ni yako moja kwa moja: haiishi Desemba, na ukiacha kazi unaondoka nayo. Kwa mwaka 2026 familia inaweza kuweka mpaka dola 8,750 bila kodi, mchango wa mwajiri ukiwemo. Ile nyingine, FSA, ina kikomo cha 3,400, na usichotumia unaweza kukipoteza, ukiacha kiasi kidogo ambacho baadhi ya waajiri hukuruhusu kukivusha. Haijirudii yenyewe mwaka unaofuata. Kila Novemba lazima uichague upya. Na hapa ndipo vijitabu viwili mezani vinapookoa nyumba: mwenza mmoja akifungua FSA ya kawaida ya matibabu, mwingine hupoteza haki ya kuchangia HSA. Hakuna mfumo utakaowaonya, kwa sababu kila mwajiri anaona upande wake tu.

Watu huuliza kama HSA inaweza kulipa matibabu ya nyumbani. Wewe mwenyewe ukitibiwa Dar es Salaam ukiwa likizo, bili halali inaweza kulipwa; tunza risiti. Mama aliyeko Tabora, hata kama wewe ndiye unayemlipia kila kitu, kama si raia wa Marekani wala mkazi wa huku, Canada au Mexico, hawezi kuwa mtegemezi wako wa kodi. Ukimlipia kutoka kwenye akaunti hiyo, fedha hiyo itatozwa kodi ya mapato, na kama hujafika miaka 65 utaongezewa faini ya asilimia 20. Mtumie kwa njia zako za siku zote.

Mwishoni mwa mfumo huja kurasa za nyongeza, na mkono umechoka. Bima za ajali, za saratani, za kulazwa: nyingi ningezipita. Mbili sizipiti. Ya kwanza ni bima ya muda mfupi ya kushindwa kufanya kazi, kwa mwanamke anayetarajia kuzaa. Sheria ya mwaka 1993 inampa aliyefanya kazi mwaka mmoja, saa 1,250, kwa mwajiri mwenye watu 50, wiki 12 za likizo isiyo na mshahara. Baadhi ya majimbo yanalipa, Minnesota ikiwa imeanza Januari 2026, lakini mengi hayalipi. Bima hii hutoa sehemu ya mshahara, kwa kawaida kwa wiki sita baada ya kujifungua, nane kwa upasuaji, na nyingi hazimlipi aliyejiandikisha akiwa tayari mjamzito. Uamuzi wake hufanywa Novemba ya mwaka uliotangulia, kabla shangazi hawajaanza kuuliza.

Ya pili ni bima ya maisha. Waajiri wengi hutoa bure kiasi kinacholingana na mshahara wa mwaka, na mwajiriwa mpya huweza kuongeza bila maswali ya afya. Miaka mitano baadaye ataulizwa presha na sukari. Tunajua sote jinsi makundi ya WhatsApp yanavyohangaika na michango ya kusafirisha mwili, wakati mwingine kwa ajili ya mtu aliyekuwa na bima hii kazini, ila nafasi ya mrithi ikaachwa wazi au ikabaki na jina la mke waliyeachana Nairobi. Andika jina la mrithi, na la pili yake. Usiandike mtoto mdogo peke yake, maana kampuni haitamkabidhi fedha, na mahakama itaingia kati.

Ukimaliza, pakua ukurasa wa uthibitisho wenye majina ya wote waliomo, uutume kwa mwenzako. Slipu ya kwanza ya Januari ikifika, linganisha makato na ukurasa huo, mstari kwa mstari. Ukikuta mtoto amesahaulika au mpango si ule uliobofya, andikia ofisi ya rasilimali watu siku hiyohiyo, kwa barua pepe, ukiambatisha uthibitisho. Makosa ya mfumo hurekebishwa kwa urahisi Januari. Yakifika Aprili, watakujibu kwamba dirisha limefungwa.